Ua Wote

Ukungu ndio mgeni pekee wa Kirindi asiyepiga hodi. Siku ile uliingia mchana, maharage yangu yakiwa bado mkekani, ukaufunika ua mpaka banda la kuku nikawa silioni. Nikasema maneno ninayoyasema kila jioni tangu vikasha vinavyoendesha nyumba vije huku milimani:

"Washa taa ua wote."

Taa zikawaka. Nilipoinama kuuvuta mkeka, zikazimika. Pampu ya maji ikakohoa ikanyamaza. Jiko likazimika na sufuria juu yake. Redio ilikuwa katikati ya wimbo wa kwaya, ikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Hata ile taa nyekundu inayowapa vifaranga joto ikafa.

"Kikasha," nikaita.

Kimya. Kwa desturi hujibu "Naam, Bibi," hata nikikiita kwa kusahau.

Mjukuu wangu Namkunda akatoka ndani akipapasa ukuta. "Bibi, umesema nini?"

"Nimekiambia kiwashe taa."

"Neno kwa neno, Bibi. Vile vile ulivyosema."

"Washa taa ua wote. Kwani ninayo mengine?"

Akasimama. Midomo yake ikayarudia yale maneno mawili ya mwisho bila sauti, kisha akaketi pale pale alipokuwa.

"Mwanangu, unakalia maharage."

Hakunisikia. "Watu wangapi husema hivyo jioni, Bibi?"

"Kirindi nzima. Usiposema hivyo utawashaje taa za uani?"

Akainuka akakimbilia nyuma ya nyumba, kilipo kikasha, akakibonyeza kwa kidole ili kiamke. Mimi niliwafuata vifaranga ukunguni kwa kusikiliza vilio vyao, nikawatia kifuani chini ya khanga. Alipoona nimezidiwa akafungua sweta lake kwa mkono mmoja, akapokea nusu yao bila kuondoa kidole kwenye kikasha.

Kikasha hakiamki upesi. Kwanza kinajitambua, kisha kinajikagua viungo, mwisho kabisa kinatafuta masikio. Muda wote huo unaweza kukipigia kelele kwamba nyumba inaungua, kisijue. Tulisimama pale tukiwa na vifaranga wanaotufinya kwa vidole vyao, tukasubiri. Uso wa Namkunda ulikuwa umepauka.

"Mbona waogopa?" nikamwuliza. "Taa zilizimika, basi. Zitawaka."

"Sisi tulizimiwa taa," akasema. "Mzee Senkondo anavuta pumzi kwa kikasha."

*

Vikasha vyetu vyote huendeshwa na Ndiva. Mgeni akiniuliza Ndiva ni nini, humpeleka kwanza kwenye ndiva yenyewe, bwawa la kumwagilia walilolichimba babu zetu Wapare. Bwawa lile halina mwenyewe. Anayetaka maji huja na jembe siku ya msaragambo, ile kazi ya wote, akazibua tope na kuziba nyufa. Na hii Ndiva ya vikasha ni vivyo hivyo. Imeandikwa na watu, milima hii na mingine mingi, na kila mtu ana ruhusa ya kuisoma. Anayeona ufa huuziba, akawaonyesha wenzake alivyouziba. Asiyependa njia ya maji, haya, achimbe mfereji wake kutoka bwawa lile lile.

Na kwa kuwa sisi tunasifiwa kwamba Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kudai kuku, mabishano ya msaragambo huo hayana mwisho.

La mwisho lilikuwa la ngeli. Kila kinachofanywa na kikasha, kuwasha taa, kuvuta maji, huitwa kazi. Kazi moja huzaa nyingine, na kuikomesha huitwa kuiua. Mzazi akikoma, watoto wake hubaki yatima, na Ndiva huwatafutia mlezi. Mpaka siku moja kabla ya ukungu ule kikasha kiliandika, "Kazi iliyoachwa imepokelewa," mtu angedhani ni kifurushi cha posta. Namkunda ndiye aliyesimama kwenye msaragambo akasema kazi zipandishwe ngeli zisemwe kama watu, iandikwe, "Yatima amepokewa." Mimi nilikuwa pembeni nafuma. Niliinamia nyuzi zangu sikuinua macho kwa kitambo, maana yeye mwenyewe nilimpokea akiwa na gauni alilovaa tu.

Mzee Senkondo akapinga. Hakuwapinga yatima. "Binti," alisema, watu wote wakimsikia, "ukimfanya mtu, mheshimu kama mtu. Kazi ikiwa kitu, waweza kusema ua zote, ukaishia hapo. Mtu hasemwi hivyo. Ni waue wote. Kiambishi hicho usikidondoshe."

"Mzee, amri za Ndiva ni fupi," Namkunda akamjibu. "Zimekuwa fupi tangu enzi za mashine za babu. Vidole vya watu vimeshazoea."

"Vidole! Sasa vidole ndivyo vinatufundisha Kiswahili?"

"Kama ni hivyo, basi tubadilishe neno lenyewe. Tuseme komesha. Neno ua linatisha."

"Na litishe! Anayeua ajue kwamba anaua. Mharibifu wa lugha wewe."

Vijana wakacheka. Kura zikapigwa, akashinda Namkunda: ua likabaki, fupi, na kazi zikawa watu.

Nataka niseme alichokifanya mzee baada ya hapo, kwa sababu wengi hawakukitazama. Alisimama, akavuta pumzi mbili kwa kizibao chake cha kupumulia, akasema, "Nimeshindwa. Nitaliweka toleo hilo siku moja na ninyi, maana maji ya ndiva hayabaguliwi. Ila rekebisho lingine lolote la binti huyu lisinipigie hodi." Akaenda zake kilimani akazima na simu.

Toleo hilo lilikuwa limeingia nyumbani kwa watu asubuhi ya siku ile ya ukungu. Zamani, kuua kazi kulisemwa "ua zote," na ua wote ulikuwa ua wangu tu, wenye kuku na maharage. Sasa kazi ni watu. Mtu akisema "ua wote," kikasha hakioni tena uwanja wenye wigo. Kinasikia amri, na kinatii: kinaua taa, kinaua pampu, kinaua masikio yake chenyewe. Na huko juu kilimani, kingeiua ile kazi inayojaza na kukamua kizibao kifuani kwa mzee ambaye mapafu yake yaliharibika ujanani kwenye vumbi la mgodi.

*

Dawa haikumsumbua Namkunda kuiandika. Ilikuwa kiambishi. Waue, badala ya ua. Aliiandika akiwa amesimama, kifaranga mmoja amesahaulika ndani ya sweta lake, na alipomaliza akaituma ikapige hodi.

Hodi ndiyo sheria kubwa ya Ndiva. Hakuna rekebisho linaloingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi na kukaribishwa. Likipiga mara tatu lisijibiwe, linarudi, kama mgeni yeyote mwenye adabu. Basi katika kila nyumba ya Kirindi kikasha kikasema, "Hodi. Rekebisho la Namkunda. Usitamke maneno ya taa za uani kabla hujalikaribisha." Zahanati ilijibu karibu kabla hodi ya kwanza haijaisha. Nami nikamtuma mtu akapige pembe ya msaragambo, kwa ajili ya walioko mashambani. Mama Eliamini, jirani yangu, alikuwa na homa, lakini alijifunga shuka akapita nyumba kwa nyumba upande wa bondeni akigonga milango kwa mwiko. Wanakwaya waliacha mazoezi wakapanda upande wa pili. Hakuna aliyemwuliza Namkunda kosa ni la nani. Waliuliza tu, "Bado nani?"

Kabla jua halijaanza kuinama, alikuwa amebaki mmoja.

"Ndiyo huyo huyo," akasema Chediel kwenye simu. Chediel yuko Same, tambarare, na ndiye mwenzake Namkunda katika kushika matoleo ya Ndiva. "Simu amezima. Hodi zako amezikataza. Jirani hana. Tumpitishie."

"Tumpitishieje?"

"Usijifanye hujui. Ufunguo si tunao?"

Nikauliza ufunguo gani. Chediel akanieleza kwa heshima, kama anavyofanya daima, hanirukii maneno. Wanaoshika matoleo wana neno la siri kila mmoja. Wawili wakiyatamka maneno yao, rekebisho linaingia nyumba yoyote bila hodi, na mwenye nyumba hatajua. Msaragambo ulishakataza ufunguo huo usitumike. Ila upo, kwa sababu bila huo matoleo yenyewe hayawezi kutiwa muhuri.

"Mimi langu nimeshalitamka," akasema Chediel. "Limebaki lako."

Simu ikasema kwa sauti yake tulivu, "Neno la pili linasubiriwa."

"Mkewe," akasema Namkunda. "Unajua habari ya mkewe."

"Najua. Lakini sasa ni uhai wake mwenyewe, na jua halitungoji."

Nami naijua habari hiyo kuliko wao, maana Nakijwa alikuwa rafiki yangu, tulisukana nywele tangu tukiwa wasichana. Alikuwa na mashine ya moyo. Enzi hizo vikasha vilikuwa vya kampuni, vimefungwa, huruhusiwi kusoma kilichomo. Siku moja kikasha chao kikajibadilisha chenyewe, wala hakikuuliza. Kwa nia njema, walituambia baadaye. Kulipokucha hakikumtambua tena Nakijwa, na moyo wake haukungoja kitambue. Senkondo alikuwa seremala wakati huo. Aliweka randa chini, akaanza kujifunza kusoma na kuandika lugha ya mashine, na jambo la kwanza aliloliandika ndani ya Ndiva ni sheria ya hodi.

"Nikiingia bila hodi," akasema Namkunda, "nitamfanyia kile kile. Hata kama kitamponya."

"Na asipopona kwa sababu ya adabu zako?"

"Nitakuwa nimemuua. Najua, Chediel. Huna haja ya kunikumbusha kila mara." Akafunga sweta. Kifaranga akalia, akamtoa, akanikabidhi polepole, kama tusiokuwa na haraka. "Nakwenda kumpigia hodi kwa mdomo wangu. Neno ninalo. Nikifika nikakuta kizibao chake kimenyamaza, nitalitamka mlangoni."

"Unakwenda kumbembeleza mtu aliyekuita mharibifu wa lugha mbele ya milima yote?"

"Ndiyo."

"Wapare," akasema Chediel, ambaye naye ni Mpare. "Haya, kimbia."

Nikamrudisha kifaranga kwa wenzake, nikachukua fimbo yangu.

"Bibi, wewe unakwenda wapi na magoti hayo?"

"Magoti ni yangu," nikasema.

*

Njia ya kwa Senkondo inapita ukingoni mwa bwawa la zamani kisha inapanda. Namkunda alikuwa anaweza kunitangulia, na nilimwambia anitangulie. Alikwenda mbele hatua chache, akarudi, akanishika kiwiko. Nikamwambia tena. Akasema, "Ukianguka hapa nitakuwa na wawili."

Nilimwuliza njiani kama ana hakika. Hakuwa na hakika. Aliniambia kwamba toka tulipotoka nyumbani neno limemkaa kwenye ulimi kama punje ya pilipili.

"Mimi ningelitamka," nikamwambia, maana sitaki kumdanganya mjukuu wangu.

"Najua, Bibi. Na mimi nataka. Lakini watu wote leo wamelikaribisha rekebisho langu bila kulisoma, kwa sababu wanaamini hodi. Nikivunja mlango mmoja, hodi yetu itakuwa ya kuigiza. Kesho mtu mwingine mwenye nia njema ataona mlango mwingine."

"Neno la pili linasubiriwa," ikasema simu mfukoni mwake.

"Chediel, iambie inyamaze."

"Hainyamazi," akasema Chediel kutoka mfukoni. "Sheria ya mzee huyo huyo. Alitaka ufunguo usahaulike kwa shida."

Tulipofika, ukungu ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu cha jioni. Nyumba ilikuwa giza. Tulisimama nje ya wigo, mahali Senkondo alipoweka benchi la wapita njia, alilolichonga mwenyewe, lenye mgongo wa kuegemea kwa ajili ya watu wa umri wetu. Tukasikiliza. Ndani kulikuwa na sauti: puu, kisha haa. Puu. Haa. Kizibao chake. Namkunda alifumba macho.

"Hodi!" akaita.

Puu. Haa.

"Hodi!"

"Nani?"

"Namkunda, Mzee. Shikamoo."

Hakuna mzee wa Kirindi anayeweza kuiacha shikamoo chini. "Marahaba. Rudi ulikotoka."

"Mzee, nina neno moja tu."

"Ulikuwa nayo mengi kwenye msaragambo, yakapigiwa kura. Mimi nimeweka toleo lako. Unataka nini tena, nikupigie makofi?"

Alikuwa amebakiwa na hodi moja. Nikaona bora nisaidie. "Senkondo, ni mimi. Nimekuja naye."

"Mama Mbonea?" Sauti ikabadilika kabisa. Tukasikia kiti kikisogezwa. "Umepanda huku? Na magoti yale? Kwenye ukungu? Binti huyu hana akili, anamtembeza mtu mzima gizani! Simama hapo hapo, usisogee, ile ngazi ya pili imevunjika, utaumia. Ngoja nikupe mwanga. Kikasha! Washa taa..."

Sijawahi kuogopa wema wa mtu kama nilivyouogopa ule.

Namkunda akafungua mdomo. Nilijua ni neno. Niliuona ulimi wake ukiligusa. Kumwambia mzee asiseme kusingefaa, maana Senkondo hajawahi kukatazwa neno akaliacha, angelisema mara mbili. Kulikuwa na ufunguo, basi. Hakukuwa na kingine.

"Mzee, umeshinda!" Namkunda akapiga kelele.

Puu. Haa.

"Nani kashinda?"

"Wewe."

"Nimeshinda nini?"

"Ile ya kiambishi."

Puu. Haa. Puu.

"Rudia," akasema Mzee Senkondo.

"Ile ya kiambishi, Mzee. Ulisema ukimfanya mtu, mheshimu kama mtu. Si ua, ni waue. Nikakubishia. Nikasema vidole vimezoea. Nilikosea."

"Sauti ndogo. Mama Mbonea, umesikia?"

"Nimesikia, Senkondo."

"Same nako wamesikia?"

"Nimesikia, Mzee!" akasema Chediel mfukoni.

"Umekosea wapi hasa?" Mzee akauliza, na sasa sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya fundi anayeuliza ubao umepasukia wapi.

"Ua ni ua, Mzee. Ule ulioko mbele yako hapo, wenye wigo. Ua wote."

Nilihesabu pumzi za kizibao kisha nikaacha kuhesabu. Senkondo ni mtu mwepesi wa kuelewa, amekuwa hivyo tangu utoto wetu. Tulimsikia akirudia polepole kwa kunong'ona, kama mtu anayepapasa kitu chenye makali gizani, "Washa taa... ua..." akaishia hapo.

"Kwa hiyo," akasema, "nilikuwa karibu kufa kwa sarufi yako."

"Ndiyo, Mzee."

"Nyumba nyingine?"

"Zote zimekaribisha. Umebaki wewe."

"Na ufunguo mnao. Ule wa maneno mawili."

"Tunao."

Simu ikasema, "Neno la pili linasubiriwa." Aliisikia.

"Kwa nini basi hukuingia?"

Namkunda alikuwa ameshika wigo kwa mikono miwili. "Kwa sababu hujanikaribisha," akasema.

Kizibao kikajaza, kikakamua. Sikuona uso wa Senkondo, nashukuru sikuuona, kuna nyuso za wanaume ambazo hupaswi kuziona. Kisha mlango ukafunguka.

"Karibuni," akasema. "Shikilia ukuta, Mama Mbonea. Ngazi ya pili uiruke."

*

Tulikaa gizani, watu watatu na mwanga wa kioo cha simu. Alitukaribisha kwa uji wa jana, akaomba radhi kwamba umepoa. Namkunda akamwambia Chediel afute neno lake, na tukamsikia Chediel akishusha pumzi kana kwamba ndiye aliyepanda mlima. Kisha Senkondo akakiruhusu kikasha chake kupokea hodi ya Namkunda.

"Hodi," kikasema kikasha.

"Ngoja mlangoni," akakiambia. "Nakusoma kwanza."

"Mzee, ni kiambishi tu," akasema Namkunda. "Jioni imeingia."

"Jioni huingia kila siku. Lete."

Akaisogeza simu karibu na miwani yake, akasoma kila mstari kwa kidole, kama alivyokuwa akipitisha kidole kwenye ubao kabla ya kupaka rangi. Mara kidole kikasimama.

"Hapa pameandikwa, mwandishi, Senkondo wa Kirindi."

"Ni kazi yako, Mzee. Mimi nimenakili tu uliyoyasema."

Alikaa na mstari ule zaidi kuliko alivyokaa na mingine yote. Halafu akarudi kusoma, akafika mwisho, akagonga kioo kwa ukucha. "Na hapa umesahau nukta."

Namkunda akainama. Ilikuwa kweli. Akaiweka.

"Haraka ndiyo hiyo," akasema mzee, ameridhika. Akageukia ukutani. "Karibu."

"Asante," kikasema kikasha. "Nimeingia."

Namkunda akanyanyuka. "Mzee, usiseme bado. Niende nyumbani nikajaribie kwetu kwanza. Kwetu kuna vifaranga tu."

"Nimelisoma," akasema Senkondo.

"Lakini..."

"Binti, nimelisoma kwa macho yangu. Kwani tunaandika wazi ili iweje?" Akatoka barazani, kizibao kikimpumulia, akatazama giza la uwanja wake. Tukamfuata. Namkunda alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete yangu ikaniuma, nami sikuuondoa.

"Kikasha. Washa taa ua wote."

Taa zikawaka. Ya mlangoni, ya ngazi iliyovunjika, za kwenye wigo, ya benchi la wapita njia, na moja ya mbali kwenye kichaka cha maua aliyoyapanda Nakijwa, ambayo sikujua kwamba bado yanapaliliwa. Tukasubiri. Zilibaki zinawaka.

Puu, kikasema kizibao. Haa.

Hapo tu ndipo Namkunda naye alipovuta pumzi. Alilia kidogo, akacheka, akajifuta kwa mkono wa sweta lililojaa manyoya ya vifaranga. Chini yetu ukungu ulikuwa ukitobolewa na mwanga, uwanja mmoja, kisha mwingine, mpaka bondeni kwa Mama Eliamini. Kila penye mwanga kulikuwa na mtu aliyesema yale maneno mawili na bado alikuwa na ya kusema.

Mzee Senkondo akanigeukia. "Mama Mbonea," akasema, "huyu umemlea mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kwenye msaragambo ujao nitampinga. Kuna ile hoja yake ya mifereji, ni upuuzi mtupu."

"Si upuuzi, Mzee," akasema Namkunda, pua bado imeziba.

"Upuuzi! Keti hapo nikuonyeshe."

Wakaketi kwenye ngazi, mmoja huku na mmoja kule wa ule ubao uliovunjika, wakaanza. Nami nikaenda zangu kwenye benchi, nikaegemea ule mgongo aliouchonga kwa ajili yetu, nikawaacha wabishane.

"Mpinge," nikamwambia mzee, ingawa hakuna aliyekuwa ananisikia tena. "Huyo hazimiki."